Faini ya Mtani

Kama kuna mtu aliyewahi kuvaa joho jeusi la sufu katika jua la Shinyanga, saa nane mchana, mwezi wa kumi, mvua bado haijanyesha, tena kwa hiari yake mwenyewe, basi ni Mwalimu Marcel Nkwabi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye soksi. Hakujali. Joho hilo alilipata Makerere pamoja na diploma yake, na katika chuo kizima cha ualimu alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa ukufunzi. Wakufunzi wengine, Wazungu watupu, walifundisha na kaptula zao. Wao walikuwa na lipi la kuthibitisha?

Na tusimwonee, alikuwa anajua kusema. Somo lake lilikuwa malezi na mbinu za kufundisha, na alipoingia darasani sauti yake ilijaa chumba mpaka kwenye mabati. Alikuwa na mifano, alikuwa na vichekesho vya Kampala, alikuwa na namna ya kukohoa kidogo kabla ya jambo zito ili wote wakae sawa. Wanafunzi wake, watu wazima waliokwisha kufundisha vijijini na sasa wanatafuta daraja la juu, waliandika kila neno. Hakuna aliyenong'ona, hakuna aliyeuliza. Akimaliza anasema, "Mmenielewa?" nao wanajibu kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu!" Marcel alirudi nyumbani akipiga mluzi. Darasa kimya namna ile, alijiambia, ni darasa lililoelewa. Alikuwa Msukuma aliyelelewa akalelewa. Tangu utoto alijua kwamba mkubwa akisema, mdogo husikiliza.

Balaa lilianzia shule ya mazoezi. Hiyo ilikuwa shule ya watoto iliyo jirani na chuo, ambako wanafunzi wa ualimu walikwenda kujaribu yale waliyofundishwa. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Maganga, kijana mpole mwenye mabega mapana, mtu wa Ushetu, ambaye tangu mwaka uanze hajasikika akisema neno lolote zaidi ya "Ndiyo, Mwalimu". Mkuu wa chuo alikaa nyuma. Maganga akasimama mbele ya watoto wa darasa la kwanza, akakohoa kidogo, akaanza kuwafundisha kujumlisha kwa maneno yale yale ya Marcel, neno kwa neno. Hakuacha hata kile kichekesho cha kondakta wa basi la Kampala. Alipofika kwenye kichekesho alinyamaza kidogo ili watoto wacheke. Watoto wakamtazama. Mmoja akaanza kulia.

Mkuu wa chuo alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, aliyekaa Usukumani miaka mingi na kusema Kiswahili kilichonyooka. Alimwita Marcel ofisini.

"Mwalimu Nkwabi, nimewaona wanafunzi wako wote wakifundisha. Wote ni wewe. Nina santuri darasa zima, na wimbo ni mmoja."

"Wanalijua somo, Mkuu."

"Wanakujua wewe. Mwaka wako wa majaribio unakwisha. Siku ya mwisho ya muhula nitakuja kukaa darasani kwako. Nikisikia santuri tena, mwakani utarudi kufundisha shule ya kati, na hapa nitaletewa mkufunzi kutoka Uingereza."

Marcel alitoka pale. Kurudi shule ya kati si dhambi, watu wema wengi wako huko. Lakini ukoo mzima wa Nkwabi ulimsindikiza kwa ngoma alipokwenda Makerere, na tangu aliporudi kila mzazi mwenye mtoto anayejua kusoma alimwonyesha kwa kidole akisema, unamwona yule? Akishuka yeye, hao wote wanashuka naye. Basi akafanya alichojua kufanya: akaandaa masomo marefu zaidi, akatafuta vichekesho vipya, akaongeza sauti.

Ndipo akaja Mwanaima.

Mwanaima alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa Kisarawe, aliyeletwa Geita na baba yake seremala alipofuata kazi migodini. Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko huko Geita miaka kadhaa, kati ya watoto wa wachimbaji waliotoka pande zote za nchi, na sasa alikuwa ameruhusiwa kuja chuoni kumalizia masomo. Alikuta somo limekwisha kuanza. Akasimama mlangoni na kisanduku chake cha bati kichwani, akamtazama mkufunzi kuanzia viatu mpaka kola ya joho.

"Hodi humu ndani. Mwalimu, samahani, wewe ni kabila gani?"

Marcel alishangaa swali lile, lakini akajibu, "Msukuma. Kwa nini?"

"Alaa! Mtani wangu!" Mwanaima akatua kisanduku chake chini kwa kishindo. "Njiani nimeambiwa nitafundishwa na msomi wa Makerere, nikajitia hofu bure. Kumbe ni mchunga ng'ombe! Pole sana, mtani. Naona umevaa nguo za msiba. Umefiwa na ng'ombe yupi?"

Kalamu zikasimama juu ya madaftari. Halafu mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, wakafuata wote, hata Maganga mabega yakawa yanamtikisika. Nani asiyejua kwamba Msukuma na Mzaramo ni watani? Wanatukanana, wananyang'anyana, wanazikana, na ni mwiko kununa. Kila mtu pale alijua kinachofuata: Mwalimu atarudisha dongo, atasema jambo la Wazaramo na madafu yao, na somo litaendelea kwa raha.

Marcel aliona kicheko tu. Aliona joho lake linachekwa, Makerere inachekwa, na siku ya Mkuu inakuja.

"Mwanafunzi," alisema, "toka nje ya darasa langu."

Kicheko kikakatika. Mwanaima akabeba kisanduku chake, akatoka. Marcel akaendelea na somo, na darasa likawa kimya kama anavyopenda, ila safari hii ukimya ule ulikuwa na harufu. Hata yeye aliisikia.

Jioni alimsimulia mkewe, Paskazia, akitegemea kuonewa huruma. Paskazia alikuwa anachambua mlenda. Akaacha.

"Umemfukuza nani?"

"Mzaramo mmoja hana adabu."

"Mzaramo! Marcel, umemnunia mtani?"

"Nilikuwa kazini, Paskazia. Chuoni si kilabuni."

"Mama yako alipofariki, nani alitufanya tucheke hata tukaweza kula? Si yule Mzaramo, fundi cherehani, aliyeingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo? Ulilia na kucheka pamoja, mimi nilikuona. Leo umesoma, watani zako wamekuwa wahuni?" Akarudia mlenda wake kwa hasira. "Atakuja na faini. Na mimi simzuii."

Alikuja kweli, asubuhi iliyofuata, jua likiwa bado dogo. Nyuma yake kulikuwa na nusu ya darasa, wakijifanya wanapita tu. Marcel alikuwa ananyoa ndevu. Alisikia Paskazia akiamkia, "Mwangaluka, mtani!" na Mwanaima akiitikia Kisukuma kibovu cha makusudi, kisha vicheko vya wanawake wawili walioelewana mara moja. Alipotoka, povu kwenye shavu, joho lake lilikuwa mikononi mwa Mwanaima. Paskazia mwenyewe ndiye aliyelianua kambani na kumkabidhi.

"Mtani kanuna, mtani kashtakiwa, mtani kapigwa faini," Mwanaima alitangaza. "Mali imekamatwa. Ukitaka kuikomboa, njoo bwaloni Jumamosi. Na ufute povu, usije ukadhaniwa umekula sabuni, maana Wasukuma hamchelewi."

Marcel alifungua mdomo kukemea. Akaona nyuso zile zinamngojea, Maganga akiwa miongoni mwao, na kitu fulani kifuani kikalegea. Mama yake angecheka sana asubuhi ile.

"Nenda zako, mla kachori," akasema. "Na usilipanguse kwa vidole vya nazi."

Walishangilia kama timu imefunga goli. Yeye mwenyewe alishangaa jinsi alivyojisikia mwepesi.

Jumamosi bwalo lilijaa. Marcel aliketishwa mbele, kwenye kiti cha mshtakiwa. Mwanaima akaingia amevaa joho, linaburura sakafuni, akapanda juu ya benchi. Akakohoa kidogo. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema.

"Mabibi na mabwana," akaunguruma, na ilikuwa sauti ya Marcel hasa, "je, mtoto hujifunza vipi?" Akatazama dari. Akahesabu pumzi mbili. "Mtoto hujifunza hivi!" Akashusha maneno kama mvua ya masika. Kisha tena: "Je, mwalimu afanye nini?" Akatazama dari. "Mwalimu afanye hivi!" Mtu mmoja akanyoosha mkono, kwa mchezo. Mwanaima akamwonyesha kwa kidole: "Vizuri sana! Najua unataka kuuliza nini. Unataka kuuliza hivi. Na jibu lake ni hili. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!" bwalo zima likaitikia.

Marcel alicheka mpaka akashika mbavu. Alicheka kwa sababu ilikuwa kweli: ile dari, kule kukohoa. Lakini katikati ya kicheko akageuka akamwona Maganga, machozi ya furaha yanamtoka, na akatambua kwamba hajui hata sauti ya kijana yule inafananaje anaposema maneno yake mwenyewe. Mwaka mzima! Ameuliza maswali mamia darasani, na hakuna hata moja alilomwachia mtu. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Watu hawakuwa wameelewa. Walikuwa wamemheshimu tu, naye akala heshima ile akadhani ni kazi.

"Mtani," alisema kelele zilipotulia, "nimekubali kosa. Faini yangu nini? Kuku?"

Mwanaima alishuka kwenye benchi. Sasa hakuwa anaigiza.

"Kuku wako wana vidonda. Mimi nimefundisha watoto wa wachimbaji, mtani. Huyu Mfipa, huyu Mnyaturu, huyu Mzinza, hawana lugha moja ya nyumbani. Ukijisemea peke yako mle, unabaki peke yako. Faini yako ni swali. Tuletee swali moja usilolijua jibu lake. Uulize, kisha ufunge mdomo mpaka sisi tuseme."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Jaribu uone."

Marcel alidhani amepata nafuu. Kumbe! Alikaa mezani jioni nzima akitafuta swali. Kila aliloliandika lilikuwa limekuja na jibu lake mgongoni. Alitafuta kesho yake, na kesho kutwa. Alifundisha masomo yake bila joho, akijaribu kuuliza na kungoja, lakini ulimi ulimtangulia kila mara, na Mwanaima nyuma ya darasa akawa anatazama dari. Siku ya Mkuu ikawa inakaribia, naye hana swali.

Lilimjia akiwa uani, akimsaidia Paskazia kukinga mvua ya kwanza. Ng'ombe wa jirani walikuwa wanarudi, vumbi limelowa, harufu ya ardhi imetanda. Akakumbuka utoto wake upande wa Mwakitolyo, alipochunga kundi la baba yake. Kwao kuhesabu ng'ombe kwa kidole kulikuwa kuwatakia mabaya. Hakuna aliyewahesabu, na yeye wakati ule hata kuhesabu kwenyewe hakujua. Lakini jioni baba akiuliza, "Wamefika wote?" alitupa jicho mara moja tu akajibu, "Mwekundu wa pembe iliyovunjika hayupo." Hakukosea hata siku moja.

"Nilijuaje?" Marcel alisema kwa sauti.

"Ulijuaje nini?" Paskazia aliuliza. "Shika ndoo."

"Sijui!" Marcel alipiga kelele, akiruka ruka matopeni. "Paskazia, sijui!" Ndoo ikamwagika yote, na mkewe akamwangalia kama mtu aliyepandwa na pepo.

Siku ya mwisho ya muhula Mkuu wa chuo aliingia, akaketi nyuma, akapishanisha miguu yake mirefu. Marcel alisimama mbele na shati jeupe tu. Alikuwa anaogopa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameingia darasani bila kujua somo litaishia wapi.

Akasimulia habari ya ng'ombe mwekundu, kwa ufupi. Kisha akasema, "Mtoto yule hakujua kuhesabu. Alijuaje kwamba mmoja hayupo? Na kama alijua, sisi tumfundisheje hesabu? Mimi sijui. Nimelifikiria na sijui."

Akanyamaza.

Hakuna aliyesema. Wakangoja, kama walivyozoea, ajijibu mwenyewe. Mkuu alisogeza mguu. Nje njiwa alikuwa analia. Marcel alisikia maneno yamejipanga kooni, mazuri, ya kutosha kuokoa kazi yake. Angefungua mdomo tu yangetoka. Akauma ulimi. Alimtazama Mwanaima, naye akamkazia macho: thubutu! Mkuu akatoa saa mfukoni, akaitazama. Marcel alifikiri, basi, mwakani ni shule ya kati. Hata hivyo hakusema.

"Mwalimu."

Ilikuwa sauti nzito, ya chini, yenye lafudhi ya nyumbani. Ilichukua muda watu kutambua ni ya nani. Maganga alikuwa amesimama.

"Mimi nimechunga. Ng'ombe hawatembei ovyo. Kuna anayetangulia, kuna anayemfuata huyo, kuna wale wavivu wa nyuma. Mmoja asipokuwepo, pale mahali pake panakuwa wazi. Unaona pengo. Huoni idadi, unaona pengo."

"Si ng'ombe tu," akasema Donatus, Mzinza wa Chato, mtoto wa wavuvi. "Wavu ukitoboka, mkono unajua kabla ya jicho."

"Lakini hiyo si hesabu!" akadakia Limi, dada mmoja wa Shinyanga mjini. "Mama anajua mtoto gani hajaja kula, lakini muulize sahani ngapi za kuazima, atahesabu."

"Kwa nini isiwe hesabu?" Maganga akauliza.

"Kwa sababu ng'ombe wageni wakiletwa mia, huyo mchungaji wako ni kipofu!"

Hapo moto ukawaka. Wa Geita wakasema mchimbaji huvijua vyuma vyake vyote kwa kuvitazama. Wengine wakasema hapana, huvipoteza kila siku. Mwanaima alisimama akasema watani zake sasa wanaanza kufanana na watu. Wakamzomea, akafurahi. Maganga hakuwa amekaa. Alikuwa amekunja uso, anafikiri, na watu wote waliliona jambo hilo, mtu mkubwa vile akifikiri hadharani.

"Basi, Mwalimu," akasema polepole, "ulichotufundisha mwezi wa nne, kwamba mtoto aanze na moja, mbili, tatu... mimi naona ulikosea. Mtoto wa kwetu aanze na kundi. Aone pengo kwanza. Namba zije kuliziba."

Hakuna aliyewahi kumwambia mkufunzi amekosea, tena mbele ya Mkuu. Maganga mwenyewe aliyasikia maneno yake yametoka, akaanza kutafuta benchi kwa mkono.

Marcel alijisikia furaha isiyo na mfano, ikimpanda toka tumboni. Akamnyooshea chaki.

"Njoo unionyeshe."

Maganga akaja ubaoni. Akachora kundi, akafuta mmoja, akauliza darasa wanaona nini. Hakukohoa. Hakutia kichekesho cha mtu mwingine. Limi akampinga, akachukua chaki naye. Kutoka nyuma Mkuu wa chuo, ambaye alikuwa ameinuka bila kujijua, akasema, "Lakini watoto wa migodini, ambao hawajachunga kamwe..."

"Ngoja, Mkuu," Maganga alisema bila kugeuka. "Zamu yako bado."

Kengele ikalia. Ilikuwa kengele ya mwisho wa mwaka, ile ambayo kwa kawaida ikilia watu hutokea hata dirishani kwa haraka ya kwenda nyumbani. Hakuna aliyeondoka. Marcel alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni, akatoka nje. Hakuna aliyemwona akitoka.

Mkuu alimfuata barazani. Wakasimama pamoja, kelele za darasani zikiwapitia.

"Nilikuja kuona kama unaweza kufundisha," Mkuu alisema. "Umeuliza swali moja, ukaambiwa umekosea, ukatoka nje. Nitaandika nini?"

"Sijui, Mkuu."

"Leo hujui mambo mengi." Mkuu alikuwa anajitahidi asicheke, na hakufanikiwa. "Mwakani utachukua na mwaka wa pili. Lakini hebu niambie, wewe unaonaje, yule kijana yuko sahihi? Maana mimi nadhani idadi lazima itangulie. Ukianza na pengo..."

"Hapana, Mkuu, hebu fikiri," Marcel alisema, naye akapandisha sauti, "pengo ndilo linalomfanya mtoto aitafute hiyo idadi!"

"Na asiye na kundi je?"

"Kila mtu ana kundi!"

Dirisha likafunguliwa kwa nguvu nyuma yao. Maganga alichungulia, chaki kwenye nywele, uso umekunjamana.

"Jamani, punguzeni sauti huko nje," alisema. "Tunajifunza humu."

Akalifunga dirisha. Mkuu wa chuo na Mwalimu Marcel Nkwabi wakatazamana, wakaomba radhi kwa kunong'ona ingawa hapakuwa na wa kuwasikia, wakaondoka wakinyata.